Mwonja Chumvi wa Ndia Kuu

Mwezi uliopita tulimzika Mbeyu, na juu ya kaburi lake pakasemwa uongo. Mhubiri, kijana mwenye elimu na sauti nzuri, alitwambia kwamba marehemu katika ujana wake aliteleza, akafunga Ramadhani pamoja na Waislamu, kisha kwa neema akarudi kundini. Watu wakaitikia Amina. Mimi sikuitikia. Nimekwisha kuzeeka, na vitabu vya Kiyunani na Kilatini nilivyovipenda sasa navisoma kwa kuvibandika puani, lakini kumbukumbu zangu hazijaingia ukungu. Mbeyu hakuteleza hata hatua moja. Walioteleza walikuwa wanaume saba waliokaa juu ya viti, na mmoja wao alikuwa mimi, karani mwenye kalamu. Kwa kuwa sita wamekufa na wa saba hakawii, nayaandika haya kabla uongo haujapata mvi ukaheshimiwa kama mzee.

Mbeyu alikuwa Mrabai. Njaa ilimshusha kisiwani akiwa kigori, na kwa miaka kumi na mitano alipika katika nyumba ya Bibi Sheikha, Ndia Kuu. Ulikuwa ukoo wa Kiarabu uliokaa Mombasa muda mrefu hata ukasahau njia ya kurudi ulikotoka. Muhdhar, mume wa Bibi Sheikha, aliuza nguo na ubani katika duka la chini. Mkewe alitawala juu. Mbeyu hakusilimu, wala hakuna aliyemshurutisha. Na kwa sababu hiyo hiyo, kila Ramadhani alikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine mtaani aliyeweza kuifanya: kuonja.

Wenye elimu ya sheria yao watasema kwamba mpishi aliyefunga aweza kugusisha ncha ya ulimi na kutema. Ni kweli, lakini wanawake wa Ndia Kuu walichelea makuruhu, jambo lisilo haramu lakini lisilopendeza, na zaidi walichelea kumeza kwa kusahau. Basi kila siku baada ya alasiri vyungu vilianza kusafiri. Vilitoka jiko hili na jiko lile, vimefunikwa kwa majani ya mgomba, vikapelekwa ua wa nyuma wa Bibi Sheikha, na Mbeyu akachovya, akaonja, akatoa hukumu kwa neno moja: "Chumvi." "Ndimu." "Basi." Mtaa mzima ulifuturu kwa ulimi wake.

Mwaka wa 1894 alianza kuja kwetu. Kanisa letu lilikuwa kibanda cha makuti upande wa kivuko cha Likoni, na waliotaka ubatizo walifundishwa mwaka mzima, kisha majina yao yakaandikwa katika orodha ya Pasaka. Nililiandika jina la Mbeyu kwa mkono wangu. Padre wetu, mtu wa vitabu kama mimi, alitufundisha kabla ya Kwaresima ya mwaka uliofuata kwamba Wakristo wa karne za kwanza hawakula mpaka jua lilipozama, na kwamba hasa wale waliongojea ubatizo walijizoeza hivyo ili wajifunze kumshinda Mshawishi kama Bwana alivyomshinda jangwani. Alilisema jambo hilo vizuri, akafunga kitabu, akaenda zake bara kwa wiki kadhaa. Hakusema kama na sisi tufanye. Wala hakusema kwamba wale wa kale hawakuzihesabu Jumapili kuwa siku za kufunga. Sisi wengine tuliisikiliza kama hadithi ya watu waliokufa, tukaacha nyama na tembo la mnazi kama desturi yetu, tukajiona watakatifu. Mbeyu aliisikiliza kama mtu anayeambiwa njia ya kwenda nyumbani.

Mwaka huo, mwezi wa Ramadhani uliandama, na kesho yake ikawa Jumatano ya Majivu.

Alasiri ya Jumatano hiyo wa kwanza kufika uani alikuwa jirani, Bi Mwanakhamis, na chungu cha mbaazi za nazi.

"Mbeyu, onja mwanangu, nna haraka."

"Leo sionji, Bi Mwanakhamis."

"Huonji? Ulimi una kidonda?"

"Nimefunga."

Mwanakhamis akaweka chungu chini, akapaza sauti. "Sheikha wee! Ndoo umsikize mpishi wako! Kasilimu, na sisi hatukualikwa!"

"Sikusilimu," Mbeyu akasema. "Ni saumu yetu. Mpaka Pasaka."

Bibi Sheikha alitoka jikoni, kiganja kimejaa unga. "Yenu? Tangu lini ninyi mkawa na saumu? Mwaka mzima huna dini ya kula wala ya kutokula, mwezi nnaokuhitaji ndio umeiona dini?"

"Nisamehe, Bibi. Kazi yote nitafanya. Kuonja tu ndiko sitaweza."

"Kuonja ndiko kazi yenyewe!"

Alinisimulia Mbeyu mwenyewe jinsi siku zile zilivyokuwa. Njaa, alisema, haikuwa kitu. Aliijua njaa tangu utotoni, walikuwa kama ndugu waliokosana. Kilichomwudhi kilikuwa harufu. Vyungu havikuacha kuja, maana wanawake walidhani atachoka. Kila alasiri vifuniko vilifunuliwa mbele ya pua yake: papa wa nazi, bokoboko lenye samli, kaimati zinazotoka katika mafuta. "Ncha ya ulimi tu," wakamwambia, "Mungu wenu ni mkali kuliko wetu?" Naye wakati huo hakuijua sala yoyote kikamilifu ila Baba Yetu, na hata hiyo mara nyingine ilimpotea katikati. Siku za kwanza aliisema haraka haraka kama mtu anayefukuza inzi, akasimama penye mkate wa kila siku, akaona neno hilo lenyewe linamtamanisha.

Halafu likatokea jambo ambalo hakufundishwa na padre wala na mimi. Alipokuwa akikirudisha chungu bila kukionja, alianza kumwombea mwenye chungu. Kwanza alifanya hivyo ili kuushughulisha moyo. Bi Mwanakhamis alikuwa na mwana baharini: akamwombea mwana. Nyumba ya pembeni ilikuwa na mzee aliyepooza: akamwombea mzee. Harufu ilipomjia, jina likaja pamoja nayo. Wiki ya pili, alisema, alikuwa akiingoja alasiri. Mtu aliyeanza Kwaresima kwa nusu ya Baba Yetu sasa alikuwa na sala inayoanza mwanzo wa mtaa na kuishia baharini. Nimesoma watawa wa jangwani walivyoandika juu ya sala, na sijaona palipoandikwa vizuri kuliko katika ua ule wa nyuma.

Mtaani lakini kulikuwa na maafa. Mtu aliyefunga hawezi kukisia chumvi. Mwenye hofu hutia kidogo, mwenye njaa hutia nyingi. Muhdhar alikaa kufuturu, akameza kijiko kimoja, akamtazama mkewe.

"Mke wangu, mchuzi huu umetekwa kisimani au pwani?"

"Muulize mpishi wako Mkristo."

"Simuulizi mtu. Ningeweka tanga juu ya mchuzi huu, ningefika Lamu."

Hayo yalikuwa mambo ya kuchekwa. Yaliyotokea kwetu hayachekeshi.

Mzee wa kanisa letu alikuwa Chonga, seremala, mtu mwaminifu. Simnyimi haki yake. Alikwisha kuona vijana wawili tuliowafundisha wakienda mjini, wakaoa, wakasilimu, na jambo hilo lilimwachia jeraha. Kila Jumapili baada ya ibada tulikula pamoja muhogo wa kuchemsha, na Jumapili tatu mfululizo Chonga alimwona Mbeyu akikataa. Hakumwuliza kwa nini. Angeuliza, angejibiwa kwamba hakuna aliyemwambia kuwa Jumapili haihesabiwi. Badala yake akaanza kuchunguza.

Jioni moja alipeleka Ndia Kuu kasha alilolitengeneza, akapitia uani. Mbeyu alikuwa ameketi juu ya kinu kilicholazwa, kata ya maji mkononi, tende moja juu ya goti. Alikuwa akisikiliza. Adhana ya magharibi ikapigwa. Mbeyu akafumba macho, akanywa, akala ile tende.

Chonga aliliweka kasha chini, akaenda moja kwa moja kwa wazee wengine, na siku chache baadaye, wiki tatu tangu Jumatano ya Majivu, Mbeyu akaitwa mbele ya baraza la kanisa saa sita ya mchana. Padre alikuwa bado bara. Tulikuwa saba. Mbele yetu palikuwa na meza, na juu ya meza orodha ya ubatizo, wino wangu, na kitu kilichofunikwa kawa.

"Mbeyu," Chonga akasema, "wafunga Ramadhani?"

"Nafunga Kwaresima, Mzee."

"Kwaresima ya adhana?"

"Sina saa, Mzee. Na nyumba za pale ni za ghorofa. Jua likishuka mimi silioni. Adhana naisikia."

"Na tende?"

"Ndizo zilizomo nyumbani. Kungekuwa na ndizi ningalikula ndizi."

Mmoja wetu akacheka. Chonga hakucheka. "Wanawake wa Ndia Kuu wanasema umefunga tangu mwezi ulipoandama. Wanasema husogezi kitu kinywani mchana kutwa. Sisi hapa ni Wakristo, na hatufungi hivyo. Nani anayefunga hivyo?"

"Padre alisema wale wa kale."

"Wale wa kale wamekufa. Nakuuliza walio hai."

Nilikuwapo siku padre alipofundisha. Nilikuwa na maandishi ya somo lile katika mfuko wa kanzu yangu, kwa mwandiko wangu mzuri, pamoja na mwaka na karne. Mngedhani nilisimama. Sikusimama. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, nami nilimwogopa Chonga kuliko nilivyoipenda kweli, na huo ndio uzito wote wa elimu yangu siku ile.

Chonga akaondoa kawa. Chini yake palikuwa na sahani: muhogo uliochemshwa kwa nazi, na samaki wa kukaanga, bado wa moto. Kibanda kizima kikajaa harufu.

"Basi ni jambo jepesi," akasema, na kwa kweli nadhani aliona anamrahisishia. "Aliyefunga Ramadhani hali saa hizi. Wewe si mmoja wao. Kula, tukuone, tuondoke."

Mbeyu aliitazama ile sahani muda mrefu.

"Nikila, jina langu litabaki?"

"Litabaki."

"Na nisipokula?"

"Karani ana kalamu."

Sijaona katika maisha yangu jambo la aibu kuliko lile, nami nimeishi miaka mingi katika nchi iliyotawaliwa na watu wa kila namna. Wanaume saba waliobatizwa, katikati ya Kwaresima, wamemwandalia mwanamke mwenye njaa sahani ya kumjaribu, na malipo waliyomwahidi kama angeshindwa yalikuwa ubatizo. Tulilichukua jukumu la yule Mshawishi wa jangwani, na hatukutambua hata sauti yetu.

Mbeyu alisema polepole, mikono amefumbata: "Mzee, vyungu vyote vya Ndia Kuu vimepita puani mwangu wiki tatu. Sikula kwa njaa. Sasa nile kwa hofu?"

"Hatukuhofishi. Tunakuuliza."

"Nilimwahidi Mungu mpaka Pasaka. Wewe sikukuahidi kitu. Unisamehe, Mzee wangu." Akapiga goti kidogo, kama adabu ya kwao ilivyo, akarudi nyuma mpaka mlangoni, ndipo akageuka.

"Kata," Chonga akaniambia.

Nikakata. Mstari mmoja, umenyooka, kwa rula.

Habari ilifika Ndia Kuu kabla yake. Bibi Sheikha alimngoja ngazini, hasira zimempanda hata akasahau hasira zake za chumvi. "Wamekufukuza kwa kufunga saumu yangu? Wewe, uliyenikatalia hata ncha ya ulimi? Wao wanakuona Mwislamu, na mimi kwa Ukristo wako nimekosa ulimi! Haya, wamekukata. Sasa ukale, upumzike. Unamfungia nani?"

Hilo, Mbeyu aliniambia, lilikuwa gumu kuliko sahani ya Chonga. Kwenye sahani kulikuwa na hofu, na hofu huonekana inakuja. Maneno ya Bibi yalitoka kwa mtu aliyempenda, tena yalikuwa na akili: jina limekatwa, Pasaka haimngoji, kwa nini aumie? Siku mbili alisali bila kusikia ladha ya sala. Siku ya tatu Bi Mwanakhamis alileta chungu, na jina la yule mwana wa baharini likaja lenyewe. Akaona kwamba hakuwa amefunga kwa ajili ya orodha.

Ramadhani ikaisha. Asubuhi ya Idi nyumba ya Muhdhar ilichinja mbuzi, masinia yakajaa, na mtaa mzima ukala mchana kweupe. Mbeyu aliipika ile pilau, akaipakua, akaisambaza, na yeye hakuigusa.

"Ramadhani imekwisha!" Bibi Sheikha akamwambia.

"Yenu imekwisha, Bibi. Yetu bado siku kumi na saba."

Siku hiyo nilikuwa katika karakana ya Chonga, nimekwenda kuagiza viti vya Pasaka. Muhdhar akaingia, kanzu ya Idi mpya, kilemba kipya, uso umekunjamana.

"Subalkheri, fundi."

"Subalkheri, Bwana Muhdhar. Na mkono wa Idi."

"Idi gani? Nyumbani kwangu mke ananuna juu ya sinia. Mmemfunza nini yule mwanamke? Mwezi mzima tumekula maji ya bahari, nikasema haidhuru, Idi atakula, atarudi mtu. Leo hakula!"

"Hakula?"

"Fundi, mbuzi mzima!"

"Hata pilau?"

"Kaipika yeye! Saumu gani hii isiyo na Idi? Mimi nnaijua saumu yangu inapoanza na inapokwisha. Hiyo yake si yetu. Ni yenu. Mwambieni ale."

Chonga alikuwa na randa mkononi. Aliisimamisha juu ya ubao, na kwa kitambo nilidhani ameona, maana hata mtoto angeona: anayefunga Ramadhani hula siku ya Idi. Ushahidi ulikuwa umetembea kwa miguu yake mpaka mlangoni mwetu, umevaa kanzu mpya, bila kuitwa. Nilingoja Chonga avue aproni yake aende Ndia Kuu kuomba radhi.

Akaisukuma randa tena. "Huenda amezoea tu," akasema.

Amezoea! Miaka hii yote neno hilo linanichoma. Moyo uliokwisha kukata shauri hauhitaji hoja. Hutosheka na neno lolote lililo karibu.

Padre alirudi Jumapili ya Matawi. Safari hii nilisema: nilimpa maandishi ya somo lake, nikamweleza habari ya sahani na ya Idi. Alisikitika sana. Alishika kichwa. Kisha akasema kwamba wazee wamekwisha kukata shauri, kwamba kanisa ni changa, kwamba kulivunja shauri lao kungeleta mgawanyiko. Mbeyu angoje mwaka mmoja, si mrefu. Nimemsamehe Chonga, aliyeogopa kupotelewa na mtu. Padre aliyeijua kweli yote na akaipima kwa utulivu wa wazee, bado najitahidi kumsamehe, nami nasali kwa ajili hiyo kila Kwaresima.

Mbeyu alingoja. Mwaka uliofuata alibatizwa, na Kwaresima ile pia alifunga mpaka adhana. Basi huyo ndiye "aliyerudi kundini". Hakwenda popote. Aliwekwa nje ya mlango, akakaa pale pale mlangoni mpaka tulipofungua.

Lakini nataka ijulikane Pasaka ile ya kwanza ilikuwaje. Wengine walibatizwa, yeye alikaa nyuma pamoja na wanafunzi wapya, akaimba. Baada ya ibada nilimfuata njia nzima mpaka Ndia Kuu, na mbele ya mlango nikamwambia yote niliyotakiwa kuyasema siku ya baraza. Alinisikiliza. Akasema, "Karani, na wewe nilikuombea. Ulikuwa ukitoka jasho." Akaingia ndani.

Muhdhar akanikaribisha dakani, penye baraza la mlango, tukaketi. Kutoka ndani nilisikia mwiko ukigonga sufuria, nikamwuliza nani anayepika, hali mpishi ndiyo kwanza aingie.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ya chini. "Pilau. Kwa mkono wake. Miaka ishirini ya ndoa sijaona. Usiulize kitu, bwana, kaa kimya."

Kisha tukaisikia sauti ya Bibi Sheikha, kali kama kawaida yake: "Jua limetoka, Pasaka yenu imefika, huna tena kisingizio. Fumbua kinywa. Onja."

Muhdhar akaacha kupuliza kahawa yake.

"Imepungua chumvi, Bibi," Mbeyu akasema. "Tia kidogo."